Serikali ya Marekani inawajibika kwa nani?

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 2025, serikali ya Marekani ilifungwa. Haikupinduliwa wala haikufilisika. Sheria iliyokuwa ikiipa fedha za matumizi ilifika mwisho saa sita usiku, na Bunge halikuwa limepitisha nyingine. Hali hiyo iliendelea kwa siku 43, hadi tarehe 12 Novemba, ikavunja rekodi ya siku 35 ya mwaka 2018 na 2019. Waongozaji wa ndege waliendelea kwenda kazini bila mshahara, kisha wakaanza kupungua, mpaka serikali ikaagiza safari zipunguzwe katika viwanja 40 vikubwa. Watu wapatao milioni 42 wanaopata msaada wa kununua chakula kupitia mpango wa SNAP waliuanza mwezi Novemba hawajui kama kadi zao zitaingiziwa fedha.

Kwa msomaji wa huku kwetu jambo hili ni geni kabisa. Katiba ya Kenya, Ibara ya 222, imeweka kinga: sheria ya matumizi ikichelewa, Bunge la Taifa linaweza kuruhusu serikali ichote hadi nusu ya makadirio ya mwaka ili kazi ziendelee. Tanzania imekwenda njia nyingine: Bunge likikataa bajeti ya Serikali, Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja, wabunge wakarudi kwa wapiga kura. Uingereza, serikali iliyonyimwa fedha na Bunge huanguka. Marekani haina hata mojawapo ya njia hizo. Rais hawezi kulivunja Bunge, Bunge haliwezi kumwondoa Rais kwa sababu tu wametofautiana kuhusu bajeti, na kila upande una haki ya kusema kwamba umetumwa na wananchi. Wakigongana, hakuna aliyewekwa juu yao awaamue. Zinazosimama ni ofisi.

Mivutano ya chama cha Republican na kile cha Democratic huelezwa mara nyingi kama ubishi wa serikali kubwa dhidi ya serikali ndogo. Ubishi huo upo kweli na ni wa zamani. Lakini ukifuatilia mapambano yao ya miaka ya karibuni utakuta wanagombania jambo jingine zito zaidi: mtu aliyekabidhiwa fedha na madaraka ya umma anapaswa kujieleza kwa nani? Vyama vyote viwili husema vinataka uwajibikaji, na naamini wengi ndani yake wanamaanisha hivyo. Tatizo ni kwamba kila chama kina jibu lake kuhusu nani anayestahili kupokea maelezo hayo, na jibu hilo hubadilika kila White House inapopata mwenyeji mpya.

Kufunga ofisi hakumo kwenye Katiba

Katiba ya Marekani, katika Ibara ya Kwanza, inasema hakuna fedha itakayotoka Hazina isipokuwa imeidhinishwa na sheria. Sheria ya mwaka 1884 ikaongeza kwamba ofisa wa serikali haruhusiwi kuingia gharama ambazo Bunge halijazitolea fedha, wala kumpokea mtu afanye kazi ya kujitolea, isipokuwa pale uhai wa watu au mali ikiwa hatarini. Hata hivyo, kwa karibu miaka mia moja fedha zilipochelewa idara ziliendelea na kazi. Zilipunguza matumizi, zikasubiri wabunge wamalize mabishano yao, maisha yakaendelea.

Aliyebadilisha mambo alikuwa Benjamin Civiletti, Mwanasheria Mkuu wa Rais Jimmy Carter. Mwezi Aprili 1980 alitoa waraka wa kisheria akisema ile sheria ya 1884 ina maana kama ilivyoandikwa: fedha zikikatika, idara ifunge. Siku chache baadaye, tarehe 1 Mei, Tume ya Biashara ya taifa hilo ilifungwa kwa siku moja. Kwa hiyo silaha inayotikisa Washington kila baada ya miaka michache ilizaliwa kwenye maoni ya mwanasheria. Mwaka uliofuata Civiletti alilegeza kidogo, akaruhusu kazi za kulinda uhai na mali ziendelee, na ndiyo sababu mwongozaji wa ndege hubaki kazini huku mtunza hifadhi akipelekwa nyumbani.

Kinachofanya silaha hii itumike mara kwa mara ni ratiba. Bunge linatakiwa kupitisha miswada 12 ya matumizi kabla ya tarehe 1 Oktoba. Tangu utaratibu huo wa kalenda uanze mwaka 1976, limefanikiwa kuimaliza yote kwa wakati mara nne tu, na mara ya mwisho ilikuwa kwa mwaka wa fedha wa 1997. Miaka mingine yote nchi imeendeshwa kwa sheria za muda za wiki au miezi kadhaa, na kila sheria ya muda inapoisha, mlango wa mvutano unafunguka upya. Halafu kuna Seneti, mojawapo ya mabaraza mawili ya Bunge; jingine ni Baraza la Wawakilishi. Miswada mingi haipiti humo bila kura 60 kati ya 100 za kufunga mjadala, na ni nadra chama kimoja kuwa na viti vyote hivyo. Hivyo chama kilichoshindwa uchaguzi hubaki na funguo moja mkononi.

Mwaka 1995 aliyeutumia ufunguo wa fedha alikuwa Spika Newt Gingrich wa Republican, akitaka Rais Bill Clinton akubali kupunguza matumizi ya serikali. Ofisi zilifungwa mara mbili, mara ya pili kwa siku 21. Mwaka 2013 Republican walitaka kuizuia sheria ya bima ya afya ya Barack Obama, zikapita siku 16. Mwaka 2018 Donald Trump alitaka dola bilioni 5.7 za kujenga ukuta mpakani na Mexico, na mbele ya kamera alisema angeona fahari kuifunga serikali kwa ajili ya usalama wa mpaka. Mwaka 2025 zamu ikawa ya Democratic. Waliokuwa wakililaani jambo hili kwa miaka thelathini waligoma kutoa kura zao mpaka ruzuku za bima ya afya zilizoongezwa mwaka 2021 zirefushwe, kwa kuwa zilikuwa zinakufa mwishoni mwa Desemba. Maseneta wanane wa upande wao hatimaye walivuka na kupiga kura na Republican, wakaahidiwa tu kwamba suala la ruzuku litapigiwa kura. Lilipigiwa Desemba. Likapata kura 51, likaanguka.

Gharama ya michezo hii inajulikana. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba zile siku 35 za mwaka 2018 na 2019 ziliupotezea uchumi dola bilioni 11, na bilioni 3 kati ya hizo hazitarudi kamwe. Watumishi wa serikali hulipwa malimbikizo yao, na tangu 2019 kuna sheria inayosema hivyo. Mfagiaji na mlinzi walioajiriwa na kampuni binafsi yenye mkataba na serikali hawana sheria ya namna hiyo. Siku zao zikipita bila kazi, zimepita. Hili linaniuma kuliko takwimu za mabilioni, kwa sababu watu hao ndio wasio na sauti kabisa katika meza ya mazungumzo.

Serikali isiyoonekana

Ofisi zinapofungwa, sehemu kubwa ya matumizi ya serikali huendelea kama kawaida. Katika mwaka wa fedha wa 2024 Washington ilitumia karibu dola trilioni 6.75. Kinachopigiwa kura kila mwaka na Bunge ni kama robo ya hizo. Zilizobaki hutoka zenyewe kwa sheria za kudumu: pensheni ya Social Security iliyoanzishwa na Franklin Roosevelt mwaka 1935, bima ya wazee ya Medicare na ya wenye kipato kidogo ya Medicaid, zote mbili zilizosainiwa na Lyndon Johnson mwaka 1965, pamoja na riba ya deni la taifa. Social Security pekee humeza karibu trilioni 1.5.

Ronald Reagan aliapishwa Januari 1981 akatamka kwamba katika matatizo ya wakati ule serikali haikuwa suluhisho, serikali yenyewe ndiyo ilikuwa tatizo. Maneno hayo yakawa imani ya chama chake kwa vizazi viwili. Clinton, Mdemokrati, naye mwaka 1996 alilitangazia Bunge kwamba zama za serikali kubwa zimekwisha. Hata hivyo Social Security na Medicare hazikupungua, kwa sababu rahisi: wapiga kura wa vyama vyote wanazitegemea, na wazee, ambao hupiga kura kwa wingi, wanazitegemea zaidi.

Mwaka 2009, katika mkutano wa hadhara huko South Carolina, mwananchi mmoja alimwambia mbunge wa Republican Bob Inglis kwamba serikali iondoe mikono yake kwenye Medicare yake. Inglis alijaribu kumweleza kwa upole kwamba Medicare ni ya serikali. Yule bwana hakukubali. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi ili kumcheka mwananchi huyo, na mimi naona hakustahili kuchekwa. Serikali ya Marekani imejengwa kwa namna inayoficha mkono wake. Medicare hulipa hospitali binafsi na madaktari binafsi, na wazee wengi huipata kupitia kampuni za bima. Medicaid huendeshwa na majimbo, na mengi yameipa majina yao: Tennessee ni TennCare, Massachusetts ni MassHealth, California ni Medi-Cal, Wisconsin ni BadgerCare. Msaada wa nyumba kwa tabaka la kati huja kama punguzo la kodi, hakuna ofisi ya kwenda kupanga foleni. Watumishi wa kiraia wa serikali kuu, ukiondoa posta, mwanzoni mwa 2025 walikuwa kama milioni 2.4, idadi inayokaribiana na ya mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati Wamarekani walipokuwa milioni 200. Sasa ni milioni 340. Kazi imeongezeka mno, lakini inafanywa na makandarasi, majimbo na kampuni.

Hapo ndipo ukubwa wa serikali unapokutana na uwajibikaji. Mtu anayepata dawa kwa kadi yenye jina la jimbo lake na nembo ya kampuni ya bima atajuaje ni nani wa kumlaumu dawa ikikatwa? Bunge lilipopunguza fedha za Medicaid katika sheria kubwa ya Julai 2025, ambayo Seneti iliipitisha kwa kura 51 kwa 50, ya mwisho ikiwa ya Makamu wa Rais J.D. Vance, makali mengi ya sheria hiyo yalipangwa kuanza baada ya uchaguzi wa Bunge wa Novemba 2026.

Wavuvi wa heringi

Kuna kesi moja inayoonyesha hoja za pande zote mbili vizuri kuliko hotuba yoyote, na watu wa pwani wataielewa upesi. Kampuni ndogo za uvuvi huko New Jersey na Rhode Island huvua samaki aina ya heringi katika Atlantiki. Sheria ya uvuvi ya mwaka 1976 inaruhusu serikali kuweka mwangalizi ndani ya chombo, ahesabu kinachovuliwa ili samaki wasimalizwe. Mwaka 2020 Idara ya Uvuvi ilitoa kanuni kwamba mwangalizi huyo alipwe na mwenye chombo, gharama ambayo ingeweza kufika kama dola 700 kwa siku. Fikiria nahodha anayelazimika kumpa mtu nafasi chomboni, kumlisha, na kumlipa fedha ambayo siku nyingine ni zaidi ya anayobaki nayo yeye mwenyewe. Alitafuta kwenye sheria ya 1976 mstari unaosema mvuvi wa heringi atalipa. Haukuwepo waziwazi.

Mahakama za chini zilimwambia kwamba sheria ikiwa na utata, tafsiri ya idara ndiyo inayofuatwa ilimradi iwe ya busara. Huo ulikuwa msimamo wa Mahakama ya Juu tangu kesi ya Chevron ya mwaka 1984. Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama ya Juu yenyewe, kwa wingi wa majaji wa kihafidhina, iliufuta msimamo huo. Kuanzia siku hiyo majaji ndio wanaoamua maana ya sheria, bila kulazimika kuifuata idara.

Republican walishangilia, na hoja yao ina uzito. Nahodha yule hakumpigia kura ofisa wa Idara ya Uvuvi na hawezi kumwondoa. Kama Bunge linataka alipe, liseme hivyo kwa kura, na mbunge wake akajibu swali hilo atakaporudi jimboni. Democratic walisikitika, na hoja yao nayo ina uzito. Bunge lililoshindwa kupitisha bajeti kwa wakati haliwezi kuandika kanuni ya kila samaki, kila dawa na kila bomba la moshi. Likiachiwa, kanuni hazitakuwepo, na bahari itavuliwa mpaka iishe. Isitoshe, jaji aliyeteuliwa kwa maisha yake yote yuko mbali na mpiga kura kuliko hata yule ofisa.

Historia ya kesi yenyewe inafundisha. Chevron ya 1984 ilikuwa ushindi wa serikali ya Reagan. Idara ya mazingira ilikuwa imelegeza masharti ya viwanda chini ya mkuu wake Anne Gorsuch, wanaharakati wa mazingira wakashtaki, na Mahakama ikasema idara iachiwe itafsiri sheria. Wahafidhina wakafurahi, maana idara zilikuwa mikononi mwao. Miaka arobaini baadaye, mmoja wa majaji walioifuta Chevron kwa nguvu zote alikuwa Neil Gorsuch, mwana wa Anne. Kilichobadilika katikati ni imani ya wahafidhina kuhusu nani atakuwa ndani ya idara hizo.

Minyororo miwili

Leo Republican wengi wanaueleza uwajibikaji kama mnyororo mmoja ulionyooka. Katiba, Ibara ya Pili, inampa Rais mamlaka ya utendaji. Basi kila aliye katika utendaji, kuanzia karani hadi mkuu wa tume, anamjibu Rais, na Rais anawajibu wananchi kila baada ya miaka minne. Ofisa ambaye Rais hawezi kumfukuza, kwa maoni yao, ni mtawala ambaye hakuchaguliwa na mtu. Democratic wanaona mnyororo wenye matawi mengi: Rais anajibu kwa Bunge, kwa mahakama, kwa wakaguzi na kwa tume huru, kila siku, kwa sababu miaka minne ni muda mrefu wa kuharibu mambo.

Ukiijua tofauti hiyo, matukio mengi yanaeleweka. Tarehe 24 Januari 2025 Trump aliwafukuza wakaguzi wakuu wapatao 17 wa wizara na idara. Nafasi zao zilitokana na sheria ya mwaka 1978, baada ya kashfa ya Watergate iliyomwangusha Rais Richard Nixon, ili kila wizara iwe na mtu wa kufukua wizi na uzembe na kuripoti pia kwa Bunge. Sheria ilimtaka Rais atoe taarifa kwa Bunge siku 30 kabla, pamoja na sababu. Hakutoa. Kwa mtazamo wa mnyororo ulionyooka, Rais alikuwa anasafisha nyumba yake. Kwa mtazamo wa pili, aliwaondoa waliowekwa wamkague. Septemba mwaka huo jaji wa serikali kuu alisema ufukuzaji ule ulivunja sheria, lakini hakuwarudisha kazini, kwa sababu Rais angeweza kutoa taarifa ya siku 30 na kuwafukuza tena.

Ningependa kuandika kwamba chama kimoja kinasimamia kanuni na kingine kinasimamia maslahi. Rekodi haisemi hivyo. Joe Biden alipotangaza mwaka 2022 kwamba atafuta madeni ya wanafunzi yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 400, akitegemea sheria ya mwaka 2003 iliyotungwa kwa ajili ya dharura, majimbo yanayoongozwa na Republican yalimshtaki yakisema mfuko wa taifa ni wa Bunge. Juni 2023 Mahakama ya Juu ilikubaliana nao. Democratic wengi wakati huo waliona Rais ana haki ya kutenda, kwa kuwa Bunge limekwama. Miaka miwili baadaye Rais wa Republican alizuia fedha ambazo Bunge lilikwisha kuzipitisha, na waliokuwa wakiutetea mfuko wa Bunge wengi wao walinyamaza, huku Democratic wakiinua Ibara ile ile ya Katiba.

Waandishi wa Katiba walitegemea kwamba wivu wa madaraka ungetosha: mbunge angelinda Bunge lake dhidi ya Rais yeyote. Hawakutarajia vyama vyenye nguvu ya leo. Sasa mbunge hulinda chama chake kwanza, na ana sababu. Majimbo mengi ya uchaguzi ni ngome za chama kimoja, kwa hiyo hatari kwake inatoka kwenye kura za maoni ndani ya chama. Wabunge 10 wa Republican walipiga kura Januari 2021 kumfungulia Trump mashtaka ya Bunge baada ya uvamizi wa jengo la Bunge. Baada ya uchaguzi wa 2022 walibaki wawili. Liz Cheney, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa chama bungeni, alishindwa kura za maoni huko Wyoming kwa tofauti ya zaidi ya asilimia 37.

Ndiyo maana kumwondoa Rais kwa mashtaka ya Bunge kumebaki jambo la kwenye maandishi. Kunahitaji theluthi mbili ya Seneti. Kumefunguliwa mashtaka manne dhidi ya marais, ya Andrew Johnson mwaka 1868, ya Clinton mwaka 1998, na mawili ya Trump, 2019 na 2021, na wote waliachiwa. Katika kesi ya Clinton hakuna hata seneta mmoja wa Democratic aliyemtia hatiani. Richard Nixon alijiuzulu Agosti 1974 kabla ya kufika huko, siku mbili baada ya viongozi watatu wa chama chake mwenyewe, Barry Goldwater akiwemo, kumfuata White House na kumweleza kwamba kura za kumwokoa hazipo. Ziara kama hiyo leo ni vigumu kuiwazia.

Mwaka 2021 kura zilikuwa 57 kwa 43, pungufu ya 67 zinazotakiwa. Mitch McConnell, kiongozi wa Republican katika Seneti, alipiga kura ya kumwachia Trump, kisha akasimama na kusema kwamba kimaadili na kiuhalisia anabeba lawama ya uvamizi ule, ila amekwisha kutoka madarakani na mahakama za jinai zipo. Julai 2024 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba Rais wa zamani ana kinga kwa matendo mengi ya kiofisi. Seneti ilimwelekeza mwananchi mahakamani, mahakama ikamrudisha kwenye siasa, kama mtu anayefuatilia faili lake na kila dirisha linamtuma dirisha jingine.

Uwajibikaji haujafa kabisa. Desemba 2023 Baraza la Wawakilishi lilimfukuza George Santos wa New York kwa kura 311 kwa 114, na Republican wenzake 105 waliunga mkono. Seneta Bob Menendez wa Democratic alipotiwa hatiani kwa rushwa mwaka 2024, wenzake walimsukuma hadi akajiuzulu. Wote wawili hawakuwa na wafuasi nchi nzima wa kumwadhibu mbunge aliyewageuka.

Fedha zilizofika mpaka kwetu

Mvutano huu unatugusa moja kwa moja. Mpango wa PEPFAR ulianzishwa mwaka 2003 na George W. Bush, rais wa Republican, kwa kura za vyama vyote. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi 15 za mwanzo, na mamilioni ya watu wamepata dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kupitia fedha hizo. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Machi, Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Tarehe 1 Julai shirika hilo, lililoanzishwa na John Kennedy mwaka 1961, likakoma kufanya kazi. Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika, iliyosikilizwa kwa miongo mingi kutoka Lamu hadi Goma, ilinyamaza katikati ya Machi wakati wafanyakazi wa Sauti ya Amerika zaidi ya 1,300 walipoambiwa wakae nyumbani.

Mtu anaweza kuamini kwa dhati kwamba Marekani haina deni la kututibu, na kwamba serikali zetu zinapaswa kubeba mzigo wa afya za watu wao. Hiyo ni hoja ya sera, na naiheshimu. Suala la kisheria ni tofauti: fedha zile zilikuwa zimepitishwa na Bunge. Nixon alipozuia fedha za aina hiyo miaka ya 1970, Bunge lilitunga sheria ya mwaka 1974 inayomtaka Rais alete maombi rasmi, na Bunge lina siku 45 za kikao kukubali. Lisipokubali, fedha zitumike.

Julai 2025 Trump aliifuata njia hiyo. Aliomba, na Bunge likakubali kwa kura chache kufuta dola bilioni 9, baada ya Seneti kuokoa milioni 400 za PEPFAR. Hapo kila mbunge alisimama ahesabiwe, na mpiga kura anajua amlaumu au amsifu nani. Lakini mwishoni mwa Agosti White House ilipeleka ombi jingine la dola bilioni 4.9 za misaada ya nje, zikiwa zimebaki siku chini ya 45 mwaka wa fedha uishe. Bunge lisipofanya lolote, tarehe 30 Septemba fedha zinakufa zenyewe. Hakuna kura, hakuna wa kuulizwa. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, inasema ujanja huo ni kinyume cha sheria. Baadhi ya maseneta wa Republican, Susan Collins wa Maine akiwa mbele, walisema hivyo hivyo.

Mashirika ya misaada yalikwenda mahakamani. Tarehe 26 Septemba 2025 Mahakama ya Juu, kwa amri ya muda, iliruhusu dola bilioni 4 ziendelee kuzuiwa, ikieleza kwamba huenda mashirika hayo hayana haki ya kushtaki chini ya sheria ya 1974. Sheria hiyo imemtaja kwa jina la cheo mtu mmoja anayeweza kumpeleka Rais mahakamani kwa niaba ya Bunge: Mkaguzi Mkuu anayeongoza GAO. Gene Dodaro alikishika cheo hicho kwa miaka 15, mpaka muda wake ulipoisha mwishoni mwa Desemba 2025, bila kufungua kesi hiyo. Mrithi wake hupendekezwa na kamati ya viongozi wa Bunge, huteuliwa na Rais, na huthibitishwa na Seneti.